Aliyesoma Kabla Yetu: Shukrani kwa Wasomaji wa Rasimu



Anayeshika kitabu hulijua jina la mwandishi kwa sababu limechapwa kwa herufi kubwa jaladani. Akifungua kurasa za mwanzo hulikuta jina la mchapishaji, na mji, na mwaka. Yuko mtu mwingine ambaye aghalabu hatajwi popote, naye ndiye aliyeisoma kazi ile ilipokuwa bado imejaa vumbi la kiwandani. Ndiye aliyeuliza kwa nini mhusika aliyezikwa katika sura ya tatu anakunywa kahawa katika sura ya sita. Ndiye aliyesema kwa upole kwamba ubeti wa nne umepungukiwa mizani. Akishasema hayo, huondoka, nasi wasomaji tunaokuja nyuma yake hudhani kitabu kilizaliwa kimekamilika. Leo namsemea huyo.

Namsemea hasa katika uwanja mmoja ambao wengi wa rika langu hawaupi uzito, nao ni uwanja wa hadithi za mashabiki. Hizi ni hadithi zinazoandikwa na wapenzi wa kazi fulani, wakiwachukua wahusika waliokwisha kuumbwa na mwandishi mwingine na kuwapa safari mpya. Hawaziuzi. Huziandika kwa sababu hadithi ya awali ilikwisha na mapenzi yao hayakwisha.

Jambo lenyewe lina umri kuliko vijana wanaolifanya. Arthur Conan Doyle alipomuua Sherlock Holmes katika hadithi ya mwaka 1893, wasomaji wa Uingereza na Marekani walikasirika, wakamwandikia barua, na wengine wakaanza kutunga visa vyao wenyewe vya mpelelezi yule. Doyle alimfufua mwaka 1903. Mwaka 1967 wapenzi wa tamthilia ya televisheni ya Star Trek, huko Marekani, walitoa jarida lililoitwa Spockanalia, wakachapisha humo hadithi walizozitunga wao. Majarida ya namna hiyo mengi yalichapwa kwa stensili. Sisi tuliosoma vyuo vya ualimu miaka ya themanini tunazijua stensili: harufu ya wino, karatasi iliyotoboka kwenye herufi o, na vidole vinavyobaki vyeusi hadi siku ya pili. Kosa likishachapwa kwa stensili, limechapwa nakala zote. Kwa hiyo ilikuwa lazima awepo mtu wa kuisoma hadithi kabla mashine haijazungushwa.

Intaneti ilipoingia, stensili ilikufa lakini yule mtu hakufa. Alizidi kuhitajika, maana sasa yeyote angeweza kuandika usiku na kusomwa asubuhi. Hifadhi kubwa ya hadithi hizi, Archive of Our Own, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2009, huendeshwa na watu wanaojitolea, na mwaka 2019 ilipewa Tuzo ya Hugo, mojawapo ya tuzo kubwa za fasihi ya bunilizi za kisayansi. Katika hadithi nyingi za humo, juu kabisa kabla ya sentensi ya kwanza, mwandishi humshukuru mtu mmoja au wawili waliomsomea. Desturi hiyo ndogo nimeipenda kuliko tuzo yenyewe.

Asije mtu akasema kwamba haya ni mambo ya ugenini. Mshairi wa Kiswahili anayajua kwa jina lingine. Takhmisa ni nini? Ni mtunzi kuzichukua beti za mwenzake aliyemtangulia, na juu ya kila mishororo miwili ya zamani kuongeza mitatu ya kwake, hata ubeti ukawa wa mishororo mitano na sauti mbili. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alifanya hivyo kwa tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Hakumpokonya Liyongo kitu. Alikaa karibu naye, akamwitikia. Na katika nathari, Muhammed Said Abdulla, ambaye mwenyewe alikuwa mwanahabari na mhariri wa gazeti, alitupa Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja mwenye kiko mdomoni na swahiba wake Najum ubavuni. Riwaya ya kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958 na kuchapwa mwaka 1960. Wahakiki hawakukawia kuona kwamba Bwana Msa na Najum ni jamaa wa Holmes na Watson. Ni jamaa, lakini wamezaliwa Unguja, wanakula chakula cha Unguja, na mantiki yao imepikwa kwa Kiswahili. Mapenzi ya kazi ya mtu huweza kuzaa kazi.

Sasa tuje kwenye jina, maana ukurasa huu ni wa watu wanaojali maneno. Waandishi wa hadithi za mashabiki humwita msomaji huyu kwa jina la herufi ya pili ya Kiyunani, beta. Jina limetoka kwa watengenezaji wa programu za kompyuta. Programu ikiwa bado mikononi mwa walioiunda, wao huijaribu wenyewe. Hiyo ni hatua ya kwanza, ya alfa. Kisha hupewa watu wachache wa nje waitumie na kusema inakwama wapi, kabla haijatolewa kwa wote. Hiyo ndiyo beta. Wazo ni zuri, lakini kwa Kiswahili msomaji beta hana ladha yoyote ulimini.

Nimeyapima maneno tuliyo nayo. Mhakiki hafai, kwa kuwa huja kazi ikishatoka, akaipima mbele ya hadhara. Mhariri yuko karibu zaidi, lakini mhariri ana mamlaka: anaweza kukata, kukataa na kukubali, na nyuma yake ipo kampuni au gazeti. Msahihishaji ni sisi walimu. Yeye hulijua jibu kabla ya kulisoma la mwanafunzi, na mwisho wake huandika alama. Huyu ninayemsemea hana mamlaka, hana alama za kutoa, wala hana jibu mfukoni. Ana macho tu, na saa kadhaa za usiku wake. Mimi humwita msomaji wa rasimu. Ni jina la kawaida, na labda mshairi mmoja wenu atapata lililo bora. Lakini tusimwache bila jina, kwa sababu asiye na jina ni vigumu kumshukuru.

Nilimfahamu msomaji wa namna hii kwa njia ambayo sikuitarajia. Nina binti wa kaka yangu anayefanya kazi katika duka la dawa mjini Dodoma. Mchana huhesabu vidonge, usiku huandika visa vipya vya Bwana Msa. Ameviandika kwa miaka minne. Kwa muda wote huo alikuwa akimtumia kila kisa mwanamke mmoja wa Mombasa, fundi wa kushona, ambaye hawakupata kuonana. Walijuana kwa lakabu. Mpwa wangu alimwita dada, naye akamwita mdogo wangu. Rasimu ilikwenda kwa simu, ikarudi baada ya juma moja au mawili ikiwa na maelezo pambizoni.

Mwaka jana, baada ya Ramadhani, rasimu moja ilichelewa kurudi. Ilipofika mwezi wa pili mpwa wangu aliandika kumjulia hali. Aliyejibu alikuwa binti wa yule fundi. Alisema mama yake amefariki dunia baada ya kuugua kwa muda, na kwamba katika simu yake amekuta faili ambalo huenda ni la mwenyewe, akalirudisha. Ilikuwa ile rasimu. Ilikuwa na kurasa 46. Maelezo ya pambizoni yalifika ukurasa wa 31.

Mpwa wangu aliacha kuandika. Si kwa kutangaza. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha kupita njia fulani. Miezi mitano baadaye alikuja Tanga likizo, akanikabidhi bahasha. Alikuwa ameichapa rasimu nzima, pamoja na maelezo yake, kwenye duka la steshenari. Akaniambia, "Shangazi, naomba unisomee kuanzia ukurasa wa 32." Hakusema zaidi, nami sikumuuliza.

Nilianza ukurasa wa kwanza. Mtu hawezi kupokea kazi katikati bila kujua aliyekuwa nayo aliifanyaje. Na hapo, pambizoni, nilikutana na msomaji ambaye laiti ningalimjua akiwa hai.

Katika ukurasa wa 4, mzee mmoja wa Unguja anamwita mjukuu wake kwa kusema "ndoo". Mpwa wangu amelipenda neno hilo kwa kulisoma katika mashairi ya kale. Yule fundi ameandika kwamba neno hilo ni la kwao Mombasa, nao wanalitunza vizuri, lakini mzee wa Unguja atasema "njoo". Na kwamba msomaji asiyejua Kimvita atadhani mtoto anaagizwa ndoo ya maji. Tazameni alivyolisema. Hakuandika kwamba ni kosa. Alisema neno ni la nani, na kwa nini haliwezi kukaa kinywani mwa yule mzee. Sisi washairi tumezoea kuazima mato kwa ajili ya macho na nti kwa ajili ya nchi pale kina kinapotubana, na bahari zetu zinaturuhusu. Mhusika wa hadithi hana ruhusa hiyo. Yeye ana mji aliozaliwa, na ulimi wake unamtaja.

Katika ukurasa wa 9 ameuliza kama kiko cha Bwana Msa kilizimika, maana kiliwashwa ukurasa wa 7 na sasa kinawashwa tena. Katika ukurasa wa 17 amegundua kwamba Najum anaizungumzia barua ambayo hakuna aliyemwambia kuwa ipo. Hili la pili ni kubwa. Katika kisa cha upelelezi, nani amejua nini na kwa wakati gani ndiyo mifupa yenyewe. Ukiuvunja mmoja, mwili wote unachechemea. Hata hivyo hakupendekeza dawa. Aliuliza tu, "Najum ameambiwa na nani?" Akamwachia mwandishi ajibu.

Nilihesabu maelezo yote kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa 31. Yalikuwa 58. Zaidi ya nusu yalikuwa maswali. Machache yalihusu tahajia na nafasi za alama za vituo, na hayo aliyasahihisha kimyakimya bila neno. Mengine hayakuwa marekebisho kabisa. Yalikuwa alama kwamba mtu amepita hapa na ameguswa. La mwisho kabisa, katika ukurasa wa 31, pale Bwana Msa anapomwomba Spekta Seif amshikie kuku wakati yeye akichungulia kisimani, lilikuwa maneno mawili: "Hapa nimecheka."

Baada ya hapo pambizo ni nyeupe.

Nilikaa na ukurasa wa 32 kwa siku mbili kabla ya kuweka kalamu. Nilijua mambo mawili. La kwanza, sikutakiwa kumwiga. Sauti ya marehemu si nguo ya kuazima, na mpwa wangu angeitambua kwa mtazamo mmoja. La pili, desturi ya kazi ningeweza kuirithi: kuuliza badala ya kuamuru, kumwachia mwandishi hadithi yake, na kusema pale ninapocheka. Nilisoma kurasa 15 zilizobaki kwa namna hiyo. Swali langu kubwa lilikuwa katika ukurasa wa 43, ambapo mwovu anakiri mbele ya watu bila kubanwa. Niliandika: "Angenyamaza, angepoteza nini?" Mpwa wangu alirudi nalo Dodoma. Baada ya wiki tatu alinitumia mwisho mpya, ambamo mwovu hakiri hata kidogo, na Bwana Msa analazimika kuthibitisha kila hatua kwa ufunguo, unga wa muhogo na saa ya ukutani. Ulikuwa mwisho bora kuliko wa kwanza, na haukuwa wangu. Ulikuwa wake.

Kisa kile kimetoka. Juu yake yapo maneno ya shukrani kwa dada aliyesoma kurasa 31, na kwa shangazi aliyesoma 15. Jina la kweli la yule dada mpwa wangu hakulijua, na binti wa marehemu hakupenda litajwe, akaridhia lakabu ibaki. Hivyo shukrani imefika mahali pake hata bila jina. Mpwa wangu ameanza kisa kingine.

Nikitafakari haya humkumbuka Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Muyaka bin Haji aliaga dunia karibu mwaka 1840, akaacha mashairi yake vifuani mwa watu. Miaka mingi baadaye Mwalimu Sikujua alikaa na wazee waliokuwa wakiyakumbuka, akayanakili, akayafafanua, akifanya kazi hiyo pamoja na Mwingereza W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka huko Johannesburg, kwa misingi ya hazina ile. Wangapi kati yetu tunaozijua tungo za Muyaka kwa moyo tumelitaja jina la Sikujua hata mara moja? Yeye si msomaji wa rasimu kwa maana halisi, kwa kuwa mwenye tungo alikwisha kufariki. Lakini ni wa ukoo mmoja na yule fundi: wote wawili waliyatunza maneno ya mtu mwingine kwa uangalifu ambao wengi hatuutumii hata kwa maneno yetu wenyewe.

Kwa hiyo nasema asanteni. Asanteni mnaopokea faili saa tano ya usiku na kulijibu kabla ya alfajiri. Asanteni mnaokumbuka, kuliko mwandishi, kwamba mhusika ana kovu mkono wa kushoto. Asanteni mnaojua kwamba Pemba si Unguja na Lamu si Mombasa, mkamwokoa kijana wa bara asichekwe na watu wa pwani. Asanteni mnaohesabu mizani kwa vidole juu ya meza. Asanteni mnaothubutu kumwambia rafiki kwamba sura anayoipenda kuliko zote ndiyo inayoizamisha jahazi. Hilo la mwisho lahitaji mapenzi makubwa, kwa kuwa sifa ni rahisi kutoa, na ukweli hugharimu.

Nanyi waandishi, mna deni, na deni hili halilipwi kwa fedha. Msitume rasimu ya kwanza kabisa mkidhani kwamba kazi yenu itafanywa na mwingine; isomeni wenyewe mara mbili ndipo mwasumbue watu. Semeni mnataka kusomewa nini: ni mantiki, ni lugha, au ni kujua tu kama kisa kinachosha. Mpeni msomaji muda. Akiuliza swali, msilijibu kwa kujitetea kwake. Lijibuni ndani ya hadithi, maana wasomaji wengine hamtakuwa nao chumbani mkawaeleze. Someeni wengine kama mlivyosomewa. Na andikeni shukrani mapema, mwenye kushukuriwa akiwa bado anaweza kuisoma.

Wahenga walisema asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru. Kusomewa, kwa kweli, si kidogo. Mtu anayekupa jicho lake kwa kurasa 31, akijua kwamba huenda hatafika ya 46, amekupa kitu ambacho hakitarudi kwake. Nimewatungia wao beti hizi mbili, nanyi mafundi wa vina mko huru kuzipima:

Wewe uliyetusoma, gizani na pambizoni,
Ukatwambia kwa wema, panapovuja nyumbani,
Jina lako limezama, halionwi kitabuni,
Shukurani tunatuma, zikufike mkononi.

Hukudai hukupewa, malipo ya kazi yako,
Hadithi iliyokuwa, haina hata mwamko,
Kwa maswali ikatiwa, roho na mtiririko,
Wajibu tumetambuwa, tumetaja wema wako.